Shoka la Mwalimu Matia

Barua ilimkuta Ramula amekaa mkekani mbele ya chumba chake mtaani Namatala, kawa ya kufunikia chakula iko mapajani nusu haijaisha, na ukindu mwekundu ameubana kwa meno. Aliyeileta ni Joash, dereva wa lori kutoka upande wa Kenya, mtu mnene mwenye heshima zake, ambaye kila wiki alipakia unga kwenye vinu vya Industrial, mtaa wa viwanda pale Mbale, akaupeleka Jinja. Aliitua barua kwa mikono miwili kama anatua yai.

"Mama, kuna mwalimu alinisimamisha kule Jinja. Akasema nikupe wewe mkononi, si mtu mwingine."

Ramula akautoa ukindu mdomoni. Hakuuliza mwalimu yupi. Mwandiko wa juu ya bahasha aliujua kuliko wake mwenyewe, maana ndio uliomfundisha kuandika: herufi zimelala upande mmoja, zimenyooka, zina adabu. Akaichana. Ndani mlikuwa na mistari mitatu tu. Miwili ya salamu, na wa tatu wa Kiingereza: Let us bury the hatchet.

Akacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa cha kupendeza, maana hata kuku aliyekuwa anadonoa pembeni ya mkeka aliondoka.

"Amesema nini?" Joash akauliza.

"Amesema tuzike shoka."

"Shoka? Mlikuwa mnagombania shoka?"

"Hapana, mwanangu. Ni usemi wa Wazungu. Watu wamekosana miaka, wakachoka, basi mmoja anamwambia mwenzake: tuzike shoka. Maana yake yaishe, kila mtu ashike njia yake kwa amani."

Joash akafikiri kidogo. "Si neno zuri hilo?"

"Zuri kwa nani?" Ramula akauliza, na Joash, ambaye hakuwa mjinga, akakumbuka kwamba lori lake linamsubiri.

Ramula alibaki ameishika ile karatasi. Uso ulikuwa umetulia, lakini ndani alikuwa anachemka, na tusimwonee haya kwa hilo. Alikuwa amengoja miaka kumi mtu huyu amwombe kitu. Kitu chochote. Sasa ameomba.

Zamani, kabla nchi haijapinduka, Mwalimu Matia alikuwa jirani yao Jinja, nyumba ya tatu kutoka kibanda cha Bakhit, mume wa Ramula, aliyekuwa fundi cherehani. Kila Jumamosi baada ya alasiri mwalimu alitundika ubao barazani kwake akawafundisha Kiingereza wanawake wa mtaa, Wasoga kwa Wanubi, bila ubaguzi na bila kudai kitu. Tumpe haki yake, alijua kufundisha. Siku moja aliandika usemi ule ubaoni, akawageukia na kuwaeleza, akimwita kila mmoja nyabo, yaani bibi, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika kwamba shoka hii iko na masharti yake.

"Moja, shimo iko moja tu. Mbili, watu wote mbili wanasimama hapo, wanaona na macho yao. Tatu, kitu inaingia shimo ni ile silaha ilipigana. Kama wewe nazika peke yako, nyabo, hiyo si amani. Hiyo ni kuficha."

Ramula aliyaandika yote hayo kwenye daftari lake. Bakhit, aliyekuwa anashona sketi za shule huku anasikiliza kutoka kibandani, alipaza sauti kwamba Wazungu ni watu wa ajabu, shoka zima linaozea ardhini na kuni hazijapasuliwa. Baraza zima likaangua kicheko. Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka chaki ikamdondoka.

Kisha ikafika Aprili ya mwaka wa sabini na tisa. Serikali ya wanajeshi ilianguka, na kwa kuwa askari wake wengi walikuwa Wanubi, watu wakaamua kwamba kila Mnubi alikuwa ameila serikali ile kwa mikono miwili. Bakhit hakuwahi kuvaa gwanda. Hakuwahi hata kuchinja kuku, alimwita jirani. Lakini alikuwa Mnubi, na siku zile hilo lilitosha. Asubuhi moja watu wenye bunduki, ambao hakuna aliyethubutu kuwauliza ni wa nani, walisimama katikati ya mtaa na kundi la vijana wenye fimbo nyuma yao, wakauliza Wanubi wako wapi hapa. Watu wakatazama miguu yao. Mtaa mzima ulitazama miguu yake, hata wale waliokuwa na sababu ya kumchukia Bakhit.

Mwalimu Matia alikuwa amevaa shati jeupe. Aliinua mkono wa kulia, akanyoosha kidole kile kile cha kushikia chaki, akakielekeza kwenye kibanda cha ushonaji.

Ramula aliyaona hayo kupitia mwanya wa pazia. Aliona kidole, kisha akamwona Bakhit akiivua tepu ya kupimia shingoni, akaikunja taratibu kama alivyoikunja kila jioni, akaiweka juu ya cherehani. Wakaondoka naye. Baadaye kidogo Ramula aliichukua tepu akatokea mlango wa nyuma, na siku ya tatu alikuwa Mbale, amefika chini ya magunia ya muhogo, hana mtoto, hana ndugu, hana hata pea ya pili ya kandambili.

Bakhit hakurudi. Hakuna aliyesema amemwona amekufa, na hakuna aliyesema amemwona mzima. Miaka minne ilipopita mashehe wa Mbale walimwita wakamwambia, kwa jina la baba yake, binti Marjan, sasa unaruhusiwa, kaa eda yako, miezi minne na siku kumi, kisha uolewe ukitaka. Ramula alikataa katakata. Aliwaambia hawezi kukaa eda ya kubahatisha. Mwanamke wa eda hatoki, haimbi, hasimami penye watu. Anajifungia na huzuni yake mpaka imwishe. Yeye atajifungiaje na huzuni ambayo haijulikani kama ni ya kweli? Atakayemwambia Bakhit amelala wapi ndiye atakayemfungulia eda. Kabla ya hapo yeye ni mke wa mtu. Mashehe wakamwona mkaidi, na kweli alikuwa mkaidi.

Akakaa hivyo, si mke si mjane, akisuka kawa na kuimba.

Ndiyo, kuimba. Wanubi wakioa, wanawake hupiga doluka, ngoma zao wenyewe, na katika doluka mwanamke mwenye sauti anaweza kumsifu mtu akapaa au kumchamba mtu akahama mji. Ramula alikuwa na sauti. Alitunga wimbo mmoja, akautunga kwa Kiswahili ili kila kabila lisikie, na wimbo huo ukatoka Namatala ukasambaa kwenye kila harusi mpaka Tororo, mpaka Bombo:

*Mwalimu wa kidole, mwalimu wa kidole,*
*katufundisha kuhesabu, kamhesabu jirani.*
*Kidole cha chaki nyeupe, nani atakiosha?*

Hapo wanawake wote hupiga makofi wakaitikia: *Ni nani? Ni nani?* Na hapo mwimbaji anatakiwa alitaje jina. Ramula hakulitaja hata siku moja. Aliwapa ngoma tu, mapigo matatu, akaendelea. Watu walidhani ndio ufundi wa wimbo. Yeye alikuwa analiweka jina kama mtu anavyoweka nguo ya Idi, hataki kuivaa siku ya kazi.

Na sasa Idi yake ilikuwa imekaribia. Hadijah, binamu yake aliyekuwa amerudi kuishi Jinja mambo yalipotulia, alikuwa ameshamletea habari kwa barua aliyoibeba Joash huyo huyo. Mwalimu Matia anagombea uenyekiti wa mtaa. Uchaguzi wenyewe si wa karatasi. Wagombea wanasimama uwanjani, watu wanapanga mstari nyuma ya wamtakaye, vichwa vinahesabiwa mchana kweupe. Wanubi waliorudi si haba, na Wakenya wa barabarani wenye vibanda vyao nao wamo. Mwalimu anahitaji migongo yao. Lakini mwezi uliopita alialikwa harusi, akasikia wimbo, akasikia wanawake wakiuliza ni nani, na Hadijah aliyekuwa karibu naye alimwona akiiweka sahani ya pilau chini haijaguswa.

Mpango wa Ramula ulikuwa mwepesi. Ataingia uwanjani watu wakiwa kwenye mistari, ataimba, na wakiuliza ni nani, safari hii atajibu. Alikuwa ameufanyia mazoezi mpango huo moyoni hadi aliweza kuliona shati jeupe la mwalimu likilowa mgongoni. Aliupenda. Alilala nao na kuamka nao, kama mtu mwenye mchumba.

Juma lile lile alipanda lori la Joash, akakaa mbele na kifurushi chake cha nguo, na njia nzima Joash alizungumza juu ya bei ya matairi bila kuitaja barua. Aliposhushwa Jinja, Joash alisema neno moja tu: "Mama, kama huyo mtu ni mbaya, usiende peke yako." Ramula akamwahidi kwamba hatakuwa peke yake.

Mwalimu Matia alisikia amefika, akaja nyumbani kwa Hadijah saa nne asubuhi, siku moja kabla ya uchaguzi. Alikuja na sukari kilo mbili na mche wa sabuni. Nywele zilikuwa zimeota mvi, na miwani mguu mmoja umefungwa kwa uzi. Ramula alikuwa amejiandaa kumchukia mtu mwenye afya, kwa hiyo alimchukia zaidi kwa kumharibia picha.

"Nyabo Ramula," akasema, amesimama mlangoni. "Nimekuja na mikono mbili. Mimi nataka tuzike ile shoka."

"Karibu, Mwalimu. Kaa."

"Wewe ulikuwa mwanafunzi yangu mzuri kuliko wote. Unakumbuka maana yake?"

"Nakumbuka kuliko wewe," Ramula akasema. "Ulituambia shimo ni moja, na watu wote wawili wanasimama hapo wanaona kwa macho yao. Ukasema mtu akizika peke yake, hiyo si amani, hiyo ni kuficha. Sasa nikuulize, Mwalimu. Wewe miaka hii kumi umeficha nini?"

Hadijah, aliyekuwa anamimina chai, aliacha kumimina.

"Uko unataka shimo," mwalimu akasema polepole.

"Nataka shimo. Bakhit yuko wapi? Nionyeshe nisimame hapo, nawe usimame, kisha tuzike hilo shoka lako. Bila shimo, chukua sukari yako uende."

Ramula hakutarajia jibu. Aliliuliza hilo ili amwone mtu akitapatapa, basi. Lakini Mwalimu Matia alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema: "Iko kijiji ya Wanyange. Ni mimi nilimzika."

Chai ilimwagikia mkeka, na hakuna aliyeifuta. Ramula alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kupewa alichoomba.

Walikwenda mchana huo huo, Ramula, Hadijah na Shehe Sulaiman wa msikiti wa jirani, ambaye Ramula alimtaka awe shahidi. Mwalimu alitangulia na baiskeli yake, akiikokota. Njiani alieleza, bila kuangalia nyuma. Wale watu walimchukua Bakhit mpaka huko pembeni ya ziwa, wakampiga risasi, wakamwacha. Asubuhi iliyofuata yeye Matia alimfuata. Alimfunga kwenye kitambaa cheupe alichokitoa kwenye kibanda cha Bakhit mwenyewe, kile cha mashati ya shule, akampakia kwenye baiskeli, akampeleka shamba la mjomba wake, akachimba na mjomba, basi.

"Nao walikulazimisha kunyoosha kidole?" Ramula akauliza.

Mwalimu akaendelea kuikokota baiskeli. "Hapana. Waliuliza tu. Mimi niliogopa kwamba mtu mwingine atasema mimi nakula na Wanubi, nafundisha Wanubi. Nikasema wacha nitangulie."

Angalau hakudanganya. Ramula aliligeuza jibu hilo kichwani, akaona halimpunguzii kitu. Kama wangemtia bunduki shingoni, hapo angekuwa na la kusema na Mungu wake. Huyu aliulizwa tu.

Kaburi lilikuwa nyuma ya migomba, juu kidogo ya ziwa, mahali ambapo wavuvi wa Wanyange hupita na nyavu begani. Halikuwa na alama zaidi ya mawe matano, lakini mawe yalikuwa safi, na majani yalikuwa yamefyekwa, si leo wala jana. Mtu alikuwa akilitunza. Shehe aliuliza walimlaza vipi. Mwalimu alisema walimlaza anaangalia ziwa, maana pale kibandani kila siku alikaa na cherehani yake anaangalia ziwa, wakadhani atapenda. Shehe akafumba macho. Kibla kilikuwa upande mwingine kabisa.

"Mungu anajua alikotazama moyo wake," shehe akasema.

Ramula alipiga magoti. Alitoa tepu ya kupimia kutoka kifuani, ile ya mwaka wa sabini na tisa, akalipima nayo kaburi toka jiwe la kichwani mpaka la miguuni. Sijui kwa nini. Yeye mwenyewe hakujua. Fundi alikuwa mrefu, na kaburi lilimtosha. Machozi aliyoyatarajia hayakuja.

Shehe aliomba dua, wakaitikia, hata mwalimu aliitikia. Alipoinuka Ramula, Mwalimu Matia alimnyooshea mkono.

"Shimo ndiyo hii, nyabo. Wote mbili tumesimama. Tumezika?"

Ramula alimpa mkono. Haikuwa unafiki. Wakati ule, juu ya kaburi la mumewe lililofyekwa vizuri, alikuwa anafikiri kwamba pengine yaishe kweli. Na angekuwa mtu mwingine asingeharibu, angenyamaza, na hadithi hii isingekuwapo. Lakini walimu hawajui kunyamaza.

"Sasa utakaa eda yako na amani," Mwalimu Matia akasema kwa sauti laini. "Miezi nne na siku kumi. Mimi najua desturi yenu, nimekaa na nyinyi miaka ishirini. Kesho usisumbuke kutoka hata kidogo. Pumzika. Sukari nitaleta mimi mwenyewe."

Kidole chake cha chaki kilikuwa kinagusa kifundo cha mkono wa Ramula, kina joto, kizima.

Miezi minne na siku kumi. Alikuwa ameshazihesabu. Barua, juma lile, saa nne asubuhi, siku moja kabla ya mistari kupangwa: alikuwa amepanga yote kama somo. Miaka kumi amelilima kaburi hili na kufunga mdomo, na akaufungua siku ambayo kuufungua kungeufunga mdomo wa Ramula. Mwanamke wa eda hatoki. Haimbi. Hasimami penye watu.

Ramula aliutoa mkono wake polepole. "Ahsante, Mwalimu," akasema. Mwalimu akapanda baiskeli, akateremka na njia ya wavuvi, na mgongo wake ulikuwa mgongo wa mtu aliyetua mzigo.

Walipobaki watatu, Hadijah alianza kulia kwa hasira. "Ametufunga, dada. Ametufunga kwa dini yetu wenyewe."

"Amefungaje?" Shehe Sulaiman akauliza. Wakamweleza wimbo, na mistari, na kesho. Shehe alikuwa mzee mpole asiyependa makeke, na alisikiliza huku anachezea tasbihi, kisha akasema kitu ambacho hakuna kati yao aliyekitarajia. "Binti Marjan, mwalimu wenu amejifunza desturi zetu dirishani. Kitabuni hakuingia. Eda huanza siku ya kifo, si siku ya habari. Yako ilianza Aprili ile na ikaisha mwaka ule ule, wewe ukiwa Mbale hujui. Leo huna eda. Hakuna kinachokufunga."

Hadijah alipiga kigelegele kimoja kabla hajajizuia. Lakini Ramula alisimama kama aliyepigwa kofi.

"Imekwisha?"

"Imekwisha, mwanangu."

"Mimi nikiwa wapi?"

Ramula alikumbuka miezi ile ya kwanza Mbale, akibeba maji ya kuuza, akicheka na wenzake wa bombani ili asilie, akivaa gurbaba ya maua ya njano aliyopewa na msamaria, gauni la kujifunga la furaha. Eda yake ilikuwa imepita juu ya kichwa chake hivyo, siku baada ya siku, yeye akiwa amevaa maua. Kwa hiyo kidole kile hakikumchukua Bakhit peke yake. Kilikuwa kimekula na huzuni yake, kikaimaliza yote, kisha leo kimekuja kumpimia nyingine kwa faida yake. Hapo ndipo lile wazo la kwamba pengine yaishe lilipokufa, na mimi sioni la kumlaumu.

Kesho yake uwanja ulijaa mapema. Wagombea walikuwa wawili: Mwalimu Matia, na Jovia, mama wa makamo aliyeuza mboga sokoni na ambaye alikuwa amesukumwa kugombea na wenzake bila kupenda sana. Msimamizi alipopuliza filimbi watu walijipanga. Mstari wa mwalimu ulijaa haraka, ukapita choo cha soko, ukapinda, ukafika kwenye ukuta wa ghala. Wanubi walikuwamo. Wakenya walikuwamo. Wa Jovia ulikuwa mfupi na wa kujikaza. Mwalimu alisimama mbele ya watu wake amevaa shati jeupe, mikono ameifunga kwa nyuma.

Ramula aliingia kutoka upande wa barabara. Alikuwa amejifunika shuka nyeupe toka kichwani hadi miguuni, nyeupe tupu ya kufiwa, na Hadijah alikuwa nyuma yake na wanawake saba au wanane wa doluka, bila ngoma. Watu wakanyamaza. Wanubi walielewa shuka hiyo, na wasio Wanubi walielewa kunyamaza kwa Wanubi. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya mwalimu, hatua tano hivi, akasimama.

Hakuimba. Alikuwa amekata shauri tangu alfajiri. Aliyefiwa haimbi, na yeye amefiwa, kitabu kiseme kisemavyo.

Hadijah ndiye aliyeanza, chini chini, kama mtu anayebembeleza mtoto. *Mwalimu wa kidole, mwalimu wa kidole.* Wale wengine wakaupokea. Wimbo ulikuwa unajulikana. Mwanamke mmoja ndani ya mstari wa mwalimu mwenyewe aliupokea kwa mazoea, midomo yake ikaenda kabla akili haijaenda. *Katufundisha kuhesabu, kamhesabu jirani.* Makofi yakaingia. Yalitoka mbele, kisha pembeni, kisha kwenye ukuta wa ghala. *Kidole cha chaki nyeupe, nani atakiosha?*

*Ni nani?* wanawake wakauliza. *Ni nani?*

Ramula alitoa mkono wa kulia ndani ya shuka, akanyoosha kidole.

Alikishika hapo, kimenyooka, hakitetemeki, kwenye kifungo cha pili cha shati lile jeupe. Mtu wa nyuma akauliza kuna nini, akaelezwa, na maelezo yakasafiri mstari mzima kwa kunong'ona. Aliyekuwa wa kwanza kutoka ni mzee mmoja Msoga aliyekuwapo Aprili ile, mmoja wa wale waliotazama miguu yao. Alitoka akavuka uwanja akaenda kusimama nyuma ya Jovia bila kumtazama mtu. Wakamfuata wawili, wakafuata kumi, kisha mstari ukakatika ovyo na watu wakawa wanapishana katikati ya uwanja wakikwaruzana mabega. Msimamizi alipohesabu, mwalimu alikuwa na mke wake, kaka zake wawili, na kiziwi mmoja.

Ramula akakishusha kidole.

"Nyabo," Mwalimu Matia akasema. Sauti haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu anayeshangaa kweli. "Jana tulipeana mkono. Tulizika shoka."

"Tulizika, Mwalimu. Sitalifukua." Akamsogelea ili asiseme kwa sauti. "Lakini wewe ulitufundisha kwamba kinachoingia shimoni ni silaha iliyopigana. Wewe hukumwua mume wangu kwa shoka. Silaha yako jana ulikuja nayo kaburini, ukanipa niishike, ukaondoka nayo."

Mwalimu alitazama mkono wake wa kulia. Alikuwa bado anautazama Ramula alipoondoka uwanjani, na Hadijah anasema kwamba alipogeuka kwenye kona alimwona bado anautazama.

Nyumbani Ramula alimwomba Hadijah amtandikie mkeka chumba cha ndani, afunge dirisha la barabarani, na asimpokelee mgeni yeyote mwanamume.

"Lakini shehe amesema huna eda, dada. Amesema imekwisha."

"Shehe amesoma kitabu," Ramula akasema. "Mimi nilikuwa sijalia."

Akaingia, akakaa, akaitoa tepu ya fundi kifuani akaikunja taratibu, akaiweka mbele yake juu ya mkeka. Kilio kikaja chenyewe, kile cha miaka kumi, nacho hakikuwa na wimbo. Hadijah alikaa nje ya mlango akikisikiliza mpaka adhana ya adhuhuri, kisha akachukua kipande cha mkaa akachora mstari mmoja ukutani, wa siku ya kwanza.